Kijitabu cha Kupe

Siku tuliyomzika Mwalimu Tluway kule Gendabi, katekista alisoma wasifu wake huku upepo wa mlimani ukimgombania karatasi. Alipofika kwenye kazi alizoandika, watu walianza kutabasamu na machozi yao machoni, maana orodha ilikuwa haiishi. Zilisomwa hadithi za watu waliohamia sayari nyingine pamoja na mifugo yao, hadithi ya mji uliochimbwa ndani ya kimondo, hadithi ya mashine iliyojifunza kuomboleza. Kisha vikasomwa vijitabu vya sayansi: cha radi, cha minyoo, cha udongo unavyochoka, cha kupatwa kwa jua. Katekista ilimbidi apumzike mara mbili. Mimi nilisimama nyuma, upande wa akina mama waliokuwa wakipakua chakula, nikifuata orodha ile kimoyomoyo kama mtu anayengoja jina lake liitwe kizimbani. Halikuitwa. Kijitabu kimoja kiliachwa, na kwa jinsi wazee wachache walivyoinamisha macho nilijua si mimi peke yangu niliyegundua. Nina miaka zaidi ya hamsini sasa na nina wajukuu. Hata hivyo niliondoka pale makaburini nikiwa na miguu ya msichana wa miaka kumi na tisa, ile miguu iliyotaka kukimbia na isiyojua pa kukimbilia. Ndiyo maana naandika mwaka ule. Kama familia yake imeona aibu kukitaja kijitabu cha kupe, basi mwenye kukitaja ni mimi niliyekiharibu.

Ya kwetu Bashay siyaweki hapa, hayahusiani na habari hii. Itoshe kusema kwamba nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu, isipokuwa nilikuwa najua kupiga taipureta, na mtu akaniambia kuna mwalimu mstaafu huko Gendabi anayetafuta msichana wa kumwandikia. Nilifika mwezi wa kwanza. Mama Veronika, mke wake, alinipokea mlangoni akiwa na unga mikononi, akanipa kiti, akanipa uji wa ulezi kwenye bakuli la bati, ndipo akaninong'oneza, "Macho yake yanakufa. Usimwonee huruma mbele yake, atakufukuza." Ulikuwa ugonjwa wa presha ya macho. Kwanza ulimla pembeni, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, halafu bomba lenyewe likaanza kuziba. Daktari alikuwa amemwambia asitegemee kuona hadi Krismasi. Mwalimu aliichukua habari hiyo kama mkulima anavyochukua habari ya mvua kukatika mapema, akaamua kuvuna haraka.

Chumba alichofanyia kazi kilikuwa zamani stoo ya mahindi, na harufu ya mahindi haikuwahi kutoka. Palikuwa na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa darasa, bado ina alama ya kitasa, na juu yake taipureta nzito na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono aliyoachiwa na shule ilipopata mpya. Kwenye rafu yalipangwa madaftari, mengine yamejaa mpaka kwenye jalada la nyuma, na yote aliyajaza yeye, nusu yake hadithi za huko juu na nusu yake mambo ya sayansi ya hapa chini. Vitabu vyake viwili viliwahi kuchapishwa mjini kabla ya mchapishaji kufunga milango. Vingine vyote vilitoka kwenye ile mashine, vikabanwa pini, vikapita mkono kwa mkono kutoka Gendabi hadi Katesh na hata kupanda Mbulu, mpaka karatasi zikalainika kama kitambaa. Yeye alikuwa akitembea kando ya ukuta, mkono wake wa kushoto ukigusa udongo ili asijigonge, akitamka sentensi moja baada ya nyingine bila kusita. Mimi niliandika kwenye daftari kwa kalamu, kisha kazi ikipita nilipiga kwenye stenseli. Jirani mmoja alimuuliza Mama Veronika jikoni, akidhani sisikii, "Huyu mzee bado anaongea na ukuta?" Mama akajibu, "Anaongea. Na sasa ukuta umepata katibu."

Mwezi wa kwanza ule nilicheka moyoni. Mwezi wa pili nilikuwa mtumwa wa hadithi. Alikuwa akitunga kubwa kuliko zote, aliyoiita Malisho ya Zohali, ya wafugaji waliopeleka ng'ombe wao kwenye pete za sayari ile, na ya msichana mmoja, Sarea, aliyetumwa kutafuta maji ndani ya jiwe linaloelea. Sijui niwaelezeje vijana wa leo wenye filamu kwenye simu. Nilikuwa msichana niliyeshindwa mtihani, ninayelala juu ya magunia katika nyumba ya watu, na kila asubuhi mzee anayepofuka alikuwa akinichukua na kunipeleka mahali ambapo msichana wa rika langu alitegemewa na ukoo mzima. Usiku wa kuandika haukuwepo, Mwalimu hakupenda taa. Kwa hiyo kila jioni niliachwa katikati ya tukio, nikala makande yangu na maziwa ya kibuyu yanayonukia moshi, nikilala nikijiuliza Sarea atafanya nini kesho.

Rafiki mkubwa wa nyumba ile alikuwa Mzee Gidamara, mfugaji, boma lake upande wa tambarare. Zamani Mwalimu alifundisha kisomo cha watu wazima, na Gidamara alikuwa mwanafunzi aliyechekwa kuliko wote, mtu mzima mwenye mkuki anayeandika "a" ubaoni, na ndiye peke yake aliyemaliza. Alikuja karibu kila alasiri, akaegemeza fimbo mlangoni, nami nikamwamkia, "Shikamoo mzee," naye, "Marahaba, mtoto wa Bashay. Tumefika wapi huko juu?" Nilimsomea. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na siku moja, mwishoni mwa masika, aliyafumbua akauliza, "Mwalimu, huko kwenye hizo pete, kupe wapo?"

Mwalimu akacheka. "Hawapo. Hakuna majani ya kujificha."

"Basi nimeelewa kwa nini walihama." Gidamara hakucheka. "Josho letu la kuogeshea ng'ombe limekufa. Ndama wanakufa kwa ndigana, homa ya kupe. Dawa tunanunua mnadani, imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi, haina maneno. Kila mtu anachanganya kwa kukisia. Wewe umetuandikia ng'ombe wa juu wanaonenepa. Wa hapa chini je?"

Kesho yake Mwalimu alisimamisha Malisho ya Zohali katikati ya sura, Sarea akiwa ameteleza ndani ya shimo la barafu na kamba imekatika, akaniambia nifungue daftari jipya. Alimwita bwana mifugo kutoka Katesh, wakakaa siku mbili wakiulizana: dawa ipi ni ipi kwa rangi na harufu, maji kiasi gani, nani asiishike. "Andika polepole, Paulina," aliniambia. "Kwenye hadithi nikikosea, anakufa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Hapa nikikosea, anakufa wa jirani." Niliandika polepole. Kwenye daftari kila kitu kilikuwa sahihi. Naomba hilo liaminiwe, ingawa halinisaidii.

Kwa wasioijua stenseli: ni karatasi yenye nta, herufi za taipureta zinaikata, na wino unapita pale palipokatwa. Shida yake ni herufi za mviringo. Ukiipiga sifuri kwa nguvu, inatoboka yote, kipande cha katikati kinadondoka na kuacha doa jeusi. Kwa hiyo tulizoea kuigusa sifuri kidogo tu. Siku ile niliigusa kidogo mno. Daftari lilisema kifuniko kimoja cha dawa kwa lita 20 za maji. Stenseli ilikata 2, na mahali pa sifuri hakikukatika chochote.

Hilo ni kosa la mkono, na kosa la mkono ningeweza kuishi nalo. Lililofuata si la mkono. Ilikuwa sheria ya Mwalimu kwamba kila stenseli isomwe kwa sauti kabla ya kuingia mashineni, na isomwe yenyewe, ikiinuliwa kwenye mwanga wa dirisha, herufi kwa herufi. Ni kazi ya kuumiza macho, na ukurasa mmoja huchukua muda wa kuchemsha maharage. Nilikuwa nimechoshwa na kupe. Nilitaka kijitabu kiishe ili kesho yake turudi kwenye lile shimo la barafu. "Nisomee kwenye stenseli," alisema, "si kwenye daftari." Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nikageuka dirishani, nikashika stenseli kwa mkono wa kulia na kuitikisatikisa ili aisikie, na nikasoma kutoka kwenye daftari lililokuwa magotini. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Nilipofika kwenye kipimo nilitamka "lita ishirini" waziwazi, yeye akatikisa kichwa. Nilirudufu nakala arobaini, nikazibana pini, sikutazama hata moja. Wiki ile zilitoka thelathini na saba. Ya kwanza kabisa alipewa Gidamara, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Alirudi siku ya tano, asubuhi, mbingu imefunga na mlima hauonekani. Tulikuwa mezani watatu. Alisimama mlangoni bila kubisha na bila salamu, na katika miezi yote ile sikuwahi kumwona akiingia bila salamu. Mikono yake ilikuwa imelowa mate ya ng'ombe mpaka viwikoni. Aliweka kijitabu mezani, kati ya bakuli la Mwalimu na langu.

"Mwalimu. Hapa pameandikwa ngapi?"

"Unajua sioni. Paulina, msomee."

Nilikichukua. Nakumbuka kwamba hata wakati ule nilitegemea kuona ishirini, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimesoma. Nikasema, "Kifuniko kimoja kwa lita..." nikakwama.

"Soma, binti," alisema Gidamara.

"Lita mbili."

Kijiko cha Mwalimu kilisimama njiani. Mama Veronika akaweka mkono mdomoni. Nje kuku walikuwa wakiparua kama kawaida, na mimi nilimtazama Mwalimu usoni, nikaona uso wake ukipita mahali fulani na kurudi, kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii. Akaweka kijiko chini.

"Ni ishirini," alisema. "Pameandikwa vibaya. Kosa ni langu."

"Ndama kumi na mmoja wamelala chini," alisema Gidamara. Sauti yake haikupanda, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wanatetemeka, wanatoa povu, mmoja mmoja wananyamaza. Udaweda aliwapaka kwa kitambaa, kwa mikono yake. Sasa anatapika na jasho linamtoka kama maji, na mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano." Udaweda alikuwa mke wake. "Sikumwomba mtu anisomee, Mwalimu. Nilisoma mwenyewe. Nilisoma mara tatu. Aliyenifundisha kusoma ni wewe."

Sijui ni nani aliyeanza kulia, mimi au Mama. Mwalimu alikuwa tayari amesimama, anapapasa ukuta, anaamuru: mvueni nguo zote, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, chupa ya dawa iende naye hospitali wapate kujua ni sumu gani, mtu akimbie kwa bwana mifugo. Tulikimbilia bomani, na lori lililokuwa linaelekea mnadani likampakia Udaweda kumpeleka hospitali. Nilimwona akipandishwa, mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba, mikono yake ikicheza pembeni kama si yake. Bwana mifugo aliokoa ndama wawili. Tisa walikufa kabla ya saa saba, wamelala safu moja kando ya ua wa miiba, na ng'ombe mama zao wakilia upande wa pili. Sijapata tena kusikia sauti ile na siitafuti.

Mchana uleule Mwalimu akasema, "Vipo vingine thelathini na sita. Nishikie fimbo." Mama Veronika akamsihi atume watu. Alikataa. "Nilivyogawa mimi, nitavikusanya mimi." Alikuwa anakumbuka kila aliyepewa, nyumba kwa nyumba. Tukatoka, mimi nimeshika ncha ya fimbo mbele, yeye ameshika nyuma. Kwenye nyumba ya kwanza, ya mjane mmoja mkulima mwenye ng'ombe wawili, tulimkuta ameinama juu ya ndoo ndogo, chupa ya soda mkono huu na kifuniko mkono huu, kijitabu kimefunuliwa chini na kuwekewa jiwe kisipeperuke. Nilipiga kelele nikiwa bado mbali. Alishtuka akadondosha kifuniko, akanitukana kwa Kiiraqw kwa kumtisha. Mwalimu alipomweleza, alikaa chini palepale kwenye matope.

Tulitembea siku tisa. Tulipanda miinuko ya wakulima, tukashuka kwenye maboma ya tambarare, yeye akijikwaa kwenye mawe ambayo nilisahau kumtajia. Kila mahali ilikuwa hivyohivyo. Mimi natoa salamu, yeye anavua kofia na kusema, "Nilikosea. Kijitabu changu kina kosa, na kosa hilo limeua mifugo ya Gidamara na kumdhuru mke wake. Nipeni nisahihishe." Kisha mimi naandika sifuri kwa kalamu nyekundu. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema kwenye nyumba inayofuata. Siku ya pili nikajiambia watu wa hapa wana hasira, nitasema kwa wapole. Siku ya nne nilikuwa naandika sifuri tu na sikujiambia kitu tena. Alisema "nilikosea" mbele yangu mara thelathini na kitu, na kila mara neno lilikuwa langu na lilikuwa linatoka kinywani mwake.

Walimjibu walivyotaka. Wengine walimpa maji ya kunywa tu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyekuwa akisoma hadithi zake kwa sauti Jumapili baada ya ibada, alimwambia, "Bora ungebaki na nyota zako, Mwalimu." Kwenye boma moja kijana mfugaji alikichana kijitabu mbele yetu, akasema na wenzake wakasikia, "Huyu kazi yake ni kutunga. Anatunga watu, anatunga ng'ombe wa hewani. Sisi tulidhani kwenye dawa ataacha kutunga?" Watu wakacheka kicheko kibaya. Tulipofika njiani, Mwalimu aliniuliza kama njia iko sawa, nikasema iko sawa, akajikwaa akaanguka, akapasuka goti. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Nilitaka kufa. Sisemi kwa mapambo. Nililitazama korongo lililokuwa upande wa kushoto, nikapima urefu wake, na kilichonizuia ni kwamba asingeweza kurudi nyumbani peke yake.

Jioni ya siku ya tisa tulikuwa tumepata thelathini na tano. Kilichobaki kilichukuliwa na mchuuzi wa ng'ombe aliyekwisha vuka kuelekea Singida, na hakikupatikana, si wiki ile, si baadaye. Tuliketi kwenye jiwe kabla ya mteremko wa mwisho. Ndipo liliponitoka, bila maandalizi yoyote.

"Mwalimu, ni mimi. Stenseli sikuisoma. Nilisoma kwenye daftari."

"Najua," alisema.

Nikaanza kulia kwa sauti. "Najua tangu siku ile," akaendelea. "Si asubuhi ya Gidamara. Siku ile yenyewe, ulipokuwa unasoma. Mtu anayesoma stenseli husita, anarudi nyuma, anauliza kama hii ni *e* au *o*. Wewe ulisoma kama unasoma Injili. Na nilisikia daftari likifunuliwa."

"Kwa nini hukunikataza?"

Aligeuza uso kule ambako mlima ulikuwa, ingawa sidhani kama alikuwa bado anauona. "Kwa sababu nami nilikuwa nimechoka," alisema. "Macho yangu yanakwisha, Paulina, na mtoto yule alikuwa ndani ya shimo. Nami nilitaka kurudi kwa Sarea. Nikasema moyoni, huyu msichana hupiga vizuri, hakuna neno. Kwa hiyo niliposema kosa ni langu, usidhani nilikuwa nakufunika. Sikuwa nakufunika. La kwangu nimekwisha kulisema kila mlango. La kwako bado liko kwako, na siwezi kukusemea."

Miaka mingi nilimchukia kidogo kwa maneno yale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitaka kufunikwa.

Udaweda alirudi kutoka hospitali wiki ya tatu. Nilikwenda peke yangu, asubuhi, nikawakuta wameketi nje ya nyumba yao ya udongo, yeye juu ya ngozi, mikono imelala mapajani kama vitu vilivyowekwa hapo na mtu mwingine. Niliwaamkia wote wawili. Gidamara hakuitika. Nikasema yote, la stenseli, la daftari, la kutikisa karatasi, na la Mwalimu kujua, kwa kuwa aliniruhusu niliseme hilo pia. Nilipomaliza, Gidamara alisimama.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," alisema. "Na mimi mjinga nikisoma mara tatu." Akachukua fimbo yake akafuata ng'ombe waliobaki. Hakurudi tena nyumbani kwa Mwalimu, wala hakuzungumza naye hadi yeye Gidamara alipokufa, miaka mingi baadaye, na nilisikia kwamba hata siku ya kumzika, Mwalimu alisimama mbali, nje ya ua. Mwaka ule wa kijitabu Gidamara alibadili njia ya mifugo, lakini siku za ukame ilimbidi apite karibu. Mwalimu akizisikia kengele za shingoni mwa ng'ombe alikuwa ananyamaza katikati ya sentensi, mkono ukutani, mpaka zitokomee. Nami nilikuwa ninangoja na kalamu. Kabla ya Krismasi aliacha kuona kabisa, kama daktari alivyosema. Alitunga tena, oh, alitunga sana, mimi na waandishi walionifuata tulijaza rafu nzima. Lakini Malisho ya Zohali hakuigusa. Niliwahi kumuuliza, akasema, "Acha hiyo," na Sarea yuko kwenye lile shimo mpaka leo. Vijitabu vya sayansi aliviandika vya nyota na vya radi, vitu visivyopimwa kwa kifuniko. Gendabi hawakuvichukua. Vilisomwa kijijini Daudi, vilisomwa kwetu Bashay, na kwake pale vilirudi vikiwa vipya.

Asubuhi ile, Gidamara alipokwisha kuondoka, nilibaki nimesimama mbele ya Udaweda nisijue kama nimepewa ruhusa ya kwenda. Alikuwa ananitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, na aliyatoa moja moja.

"Unajua kukamua?"

"Najua, mama."

"Vidole vyangu havishiki. Wake wenzangu wana ng'ombe wao. Wangu wanne wanalia kila asubuhi." Akaelekeza kidevu zizini. "Utakuja."

Nilikwenda. Kila siku kabla ya uji nilivuka korongo, nikafika jua likichomoza, nikakamua wanne wake huku yeye ameketi pembeni akiwaita kwa majina yao ili wanivumilie. Mwanzoni walinipiga mateke, nao walikuwa wamepoteza ndama kwa sababu yangu, nikaona ni haki yao. Hatukuzungumza. Sikupewa maziwa, wala sikuambiwa asante, na sikutarajia. Gidamara akinikuta alipita kama anapita kando ya nguzo. Miezi mitano ilikwisha hivyo, kiangazi kikauma, majani yakawa vumbi, na maziwa yakapungua mpaka yakawa hayafuniki kitako cha kibuyu. Kuna siku nilikamua nikilia, na kuna siku sikuwa na hata hilo. Sikuwa nikihisi kwamba nalipa chochote. Ndama wa mtu hawafufuki kwa kukamuliwa mama zao.

Mvua za kwanza zilipodondoka mwezi wa kumi na mbili, asubuhi moja nilimkuta Udaweda amesimama getini, kwenye uwazi wa ua wa miiba. Amening'iniza kibuyu begani.

"Leo usiingie," alisema.

"Nimekosa nini tena, mama?"

Aliinua mkono wake wa kulia mbele ya uso wangu, akaufumba, polepole sana, kidole kwa kidole, mpaka ukawa nusu ngumi. Kidole cha mwisho kilibaki nje. Akaushusha, akaingia, akavuta tawi la miiba nyuma yake likafunga njia.

Nilibaki nje kwenye manyunyu. Sikuweza kuona kitu kwa sababu ya miiba. Nilisikia akimwita ng'ombe wa kwanza kwa jina, nikasikia akichuchumaa, bangili zikagongana. Kisha kimya. Kisha tone moja ndani ya kibuyu. Kimya kirefu, nikamsikia akihema. Halafu uzi mwembamba wa maziwa ukaingia, ukakatika, ukaanza tena.